Jinsi ya kusoma muswada wa California na kuupinga ungali muswada

Mwaka 2023 miswada 1,046 ilifika mezani kwa Gavin Newsom, gavana wa California. Alitia saini 890 na kuipigia 156 kura ya turufu. Hayo ni mavuno ya mwaka mmoja katika jimbo moja, kabla hujahesabu kanuni za idara na sheria ndogo za kaunti na miji. Mwenye mgahawa San Diego, mwenye lori Fresno, msusi wa nywele Oakland, wote wanatakiwa kuzifuata, na mahakamani kusema "sikujua" hakumwokoi mtu.

Mwongozo huu ni wa anayeona sheria zimezidi na amechoka kuishia kulalamika. Msimamo wake ni wa kihafidhina, wala haufichwi: mwenye kutaka sheria mpya ndiye anayedaiwa uthibitisho, na akikosa uthibitisho jibu ni hapana. Njia zenyewe lakini ni zilezile zinazotumiwa na kila upande pale Sacramento, makao makuu ya jimbo. Vyama vikubwa vya wafanyakazi na vya wafanyabiashara huanza kazi Februari. Mwenye duka husikia habari Januari ya mwaka unaofuata, sheria ikishaanza kuuma.

Pata maandishi yenyewe

Habari za redioni na makundi ya WhatsApp hukuambia muswada unataka nini. Hazikuambii umeandikwaje, na kitakachokufunga ni maandishi. Fungua leginfo.legislature.ca.gov, tovuti ya Bunge la jimbo. AB ni muswada ulioanzia Asembli, yenye wajumbe 80. SB umeanzia Seneti, yenye maseneta 40. Namba huanza upya kila kipindi cha miaka miwili, kwa hiyo ziko AB 5 nyingi. Ile iliyowatikisa wafanyakazi wa kujitegemea ni ya kipindi cha 2019–2020. Chagua kipindi kwanza, ndipo uweke namba.

Muswada ukifunguka, tazama tarehe ya toleo. Mmoja unaweza kurekebishwa mara nne au tano, na barua inayopinga kifungu kilichofutwa wiki tatu zilizopita humwonyesha msomaji kwamba mwandishi hakufungua muswada. Maneno yaliyoongezwa huandikwa kwa mlazo na rangi ya buluu, yaliyoondolewa hukatwa kwa mstari mwekundu. Kichupo cha "Today's Law As Amended" kina faida kuliko vyote: kinakuwekea sheria iliyopo leo na kukuonyesha kila neno litakaloingia au kutoka. Kichupo cha "Bill Analysis" kinafuata kwa umuhimu. Humo mtaalamu wa kamati anaeleza muswada, anataja gharama, na mwishoni anaorodhesha waliounga mkono na waliopinga. Orodha hiyo itarudi mbele, kwa sababu ndiyo mlango wako.

Mwezi wa Februari, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha miswada ikikaribia, utakuta miswada inayobadilisha neno moja lisilo na uzito, au inayosema tu kwamba Bunge lina nia ya kutunga sheria fulani baadaye. Hiyo ni ya kushikia nafasi. Mjumbe ameinjika chungu kitupu ili asikose jiko. Mboga atatafuta Machi. Usiipuuze. Fungua akaunti kwenye tovuti hiyohiyo, omba uletewe baruapepe muswada unapobadilika, kisha subiri. Tangu kipindi cha 2025–2026 kila mjumbe amewekewa kikomo cha miswada 35 kwa miaka miwili, kutoka 50 kule Asembli na 40 kule Seneti. Ni hatua njema, ingawa 35 mara wajumbe 120 bado ni miswada 4,200.

Mstari wa mwisho wa muhtasari

Kila muswada una muhtasari wa wanasheria wa Bunge. Aya ya kwanza inaeleza sheria iliyopo, inayofuata inaeleza muswada ungefanya nini. Usome wote, halafu teremka hadi mwisho wake. Hapo kuna mstari mmoja mfupi wenye vipande vinne, ambao wengi huuruka.

Kipande cha "Vote" kikisema MAJORITY, muswada unahitaji kura 41 Asembli na 21 Seneti. Kikisema 2/3, ni 54 na 27, na sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili: una kodi ndani yake, au ni wa dharura na utaanza kutumika siku ile ile gavana anapotia saini badala ya kungoja 1 Januari. "Appropriation: YES" maana yake fedha zimetengwa humo humo. "Fiscal Committee: YES" maana yake ni lazima upite Kamati ya Matumizi, na huko ndiko miswada mingi hufia. Cha nne ni "Local Program". Kikiwa YES, kaunti na miji wanabebeshwa kazi mpya, au kuna kosa jipya la jinai limeumbwa ambalo polisi na waendesha mashtaka wa kaunti watalishughulikia. Hicho cha nne ndicho cha kukushtua.

Chukua AB 1884 wa 2018, muswada wa mirija. Ulitaka migahawa yenye wahudumu wa mezani isimpe mteja mrija wa plastiki mpaka auombe mwenyewe. Ulipowasilishwa Januari, maneno yake mapya hayakutaja jela. Lakini ulipachikwa ndani ya sheria ya vyakula vya rejareja, katika kitabu cha sheria za afya na usalama, na humo tayari kulikuwa na kifungu cha jumla kinachosema kuvunja sharti lolote la sehemu ile ni kosa la jinai: faini ya dola 25 hadi 1,000, au jela hadi miezi sita. Mhudumu aliyezoea kutumbukiza mrija kwenye glasi ya juisi angeangukia humo. Watu wakapiga kelele, mwenye muswada akasema hiyo haikuwa nia yake, na adhabu ikaandikwa upya: maonyo mawili, kisha dola 25 kwa siku, isizidi dola 300 kwa mwaka. Hivyo ndivyo ulivyopita, na sheria ikaanza 1 Januari 2019.

Kwa hiyo usitafute adhabu ndani ya muswada peke yake. Angalia namba ya kifungu kinachoongezwa, fungua sehemu nzima ya sheria kilimopangwa, usome kifungu cha adhabu cha sehemu hiyo. Ni kazi ya dakika ishirini, na ndiyo itakayokutenganisha na wanaopinga kwa hasira tupu. Kama jela ile iliingia kwa bahati mbaya, tena katika jambo dogo kama mrija, fikiria zinazoingia bila mtu kuziona.

Maswali ya kuubana

La kwanza: sheria iliyopo haitoshi? Nenda kwenye aya ya mwanzo ya muhtasari. Mara nyingi jambo lenyewe limekwisha kukatazwa, ila hakuna anayesimamia. Kuongeza katazo la pili juu ya katazo lisilosimamiwa kunampa mjumbe kitu cha kuwatumia wapiga kura kwa posta, na kwa mwananchi kunaongeza fomu. Ukikuta hivyo, andika namba ya kifungu kilichopo. Hoja hiyo ina nguvu hata kwa mjumbe wa upande wa pili, maana haimlazimu kukubaliana nawe kuhusu falsafa ya dola.

La pili: nani atashtaki? Linganisha sheria mbili. AB 1084 wa 2021 unazitaka duka kubwa za humu jimboni zenye wafanyakazi 500 au zaidi ziwe na sehemu ya bidhaa za watoto isiyogawanywa ya wavulana na ya wasichana, kuanzia 2024. Ni serikali kupanga rafu za duka, kazi ambayo haikuombwa. Hata hivyo faini ni dola 250 kwa kosa la kwanza na 500 kwa yanayofuata, na mashtaka hufunguliwa na mwanasheria mkuu wa jimbo au waendesha mashtaka wa serikali za mitaa. Madhara yake yana mpaka. Sasa tazama Prop 65, sheria iliyopitishwa na wapiga kura wenyewe mwaka 1986, inayotaka biashara zenye wafanyakazi 10 au zaidi ziweke onyo la kemikali. Faini inafika dola 2,500 kwa siku kwa kila kosa, na mtu binafsi anaweza kushtaki baada ya kutoa notisi ya siku 60, kisha akapata sehemu ya faini. Hapo ndipo mawakili wanapojengea kazi. Ilifika mwaka 2018 jaji akaamua kahawa nayo ihitaji onyo, kwa sababu ya akrilamaidi inayojitokeza punje zikikaangwa. Mwaka 2019 jimbo likalazimika kutoa kanuni ya kuiondoa kahawa. Muswada unaompa mtu binafsi haki ya kushtaki usomwe mara mbili, hata kama lengo lake ni zuri.

La tatu: maneno yamefafanuliwaje? Sura ya tafsiri inachosha, lakini hapo ndipo wavu unapotupwa. Wasusi wanalijua hili. Sheria ya leseni ya vipodozi na nywele iliandikwa kwa neno pana kiasi cha kumkamata msusi anayesuka nywele za asili bila dawa wala mkasi, na ikamtaka asome saa 1,600 za mafunzo ambayo karibu yote hayakuhusu kusuka. Iliamuliwa mwaka 1999 na mahakama ya shirikisho San Diego kwamba sharti hilo halina mantiki kwa wasusi, na baadaye sheria ya jimbo ikawatoa. Neno moja lililowekwa vibaya, miaka mingi ya watu kufanya kazi kwa kujificha. Kwa hiyo kila tafsiri inapotumia maneno kama "pamoja na, bila kuishia hapo", jiulize ni nani mwingine anaweza kuingizwa na afisa aliyeamka vibaya.

La nne: nani amesamehewa? Orodha ndefu ya misamaha ni kukiri kwamba kanuni yenyewe ni mbovu. AB 5 wa 2019 uliwageuza wakandarasi wengi wa kujitegemea kuwa waajiriwa, ukifuata uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo wa 2018 katika kesi ya Dynamex. Madaktari, wanasheria, mawakala wa bima na wa nyumba walisamehewa tangu mwanzo, kwa sababu vyama vyao vilikuwa mlangoni muswada ulipokuwa ukiandikwa. Waandishi huru walipewa kikomo cha makala 35 kwa mwaka kwa kila mteja. Wakalimani na wafasiri, wakiwamo wa lugha zetu wanaoitwa kwa saa mbili hospitalini na saa moja mahakamani, hawakuwa na mtu wa kuwasemea, na baadhi ya mashirika ya nje ya jimbo yakaacha kuwapa kazi. Septemba 2020 AB 2257 ukapitishwa kwa dharura, ukawaongeza wakalimani, wafasiri, wanamuziki na wengine wengi kwenye misamaha, na kikomo cha 35 kikafutwa. Miezi miwili baadaye wapiga kura wakapitisha Prop 22 kuwatoa madereva wa programu za usafiri. Ukikuta misamaha mingi kwenye muswada mpya, tafuta kama fani yako imo. Kama haimo, tayari una barua.

La tano: unaisha lini? Tafuta sentensi inayosema kifungu kitatumika hadi 1 Januari ya mwaka fulani, kisha kifutwe. Kama haipo, iombe. Miaka mitano ni ombi la kawaida, na mjumbe anayejiamini hana sababu ya kuikataa. Texas ina utaratibu wa aina hii kwa idara zake tangu 1977: idara nyingi hupitiwa takriban kila miaka 12, na Bunge lisipoiendeleza, inafungwa.

Tukiwa Texas, wahafidhina hupenda kuitaja kama dawa, kwa kuwa Bunge lake hukutana siku 140 tu kila mwaka usiogawanyika kwa mbili na wajumbe hulipwa dola 7,200 kwa mwaka. Dawa hiyo ni nusu. Mwaka 2023 Bunge hilo fupi lilipokea miswada zaidi ya 8,000, na mojawapo iliyopita, HB 2127, ilichukua madaraka ya miji katika mambo mengi na kuyahamishia jimboni. Chama kinachohubiri serikali ndogo nacho kikipata wingi hushikwa na hamu ya kutunga sheria. Maswali haya matano yanafanya kazi kwa miswada ya rafiki vilevile.

Pa kuingilia, na lini

Muswada ukiwasilishwa haujadiliwi na kamati mpaka siku ya 31. Mwezi huo ni wako: soma, hesabu gharama kwako, tafuta wenzako wawili watatu wenye kazi kama yako. Kisha unapelekwa kamati ya kisera, kwa kawaida Machi au Aprili. Hapa ndipo ufa unapozibwa. Kwenye kamati ya wajumbe tisa au kumi na mmoja, watatu wakiyumba muswada unarekebishwa. Kwenye ukumbi mzima upepo umekwisha kuvuma.

Kuna jambo dogo hapa linalofaa kujulikana zaidi. Muswada usiopingwa na yeyote huweza kuwekwa kwenye orodha ya miswada isiyo na ubishi, ukapita bila mjadala. Upinzani mmoja uliosajiliwa kwa kawaida unatosha kuuzuia usiingie humo. Barua ya mtu mmoja haiui muswada, ila inamlazimu mwenye muswada asimame na kuueleza.

Hatua inayofuata ni Kamati ya Matumizi. Muswada unaogharimu dola 150,000 au zaidi kule Asembli, au dola 50,000 na zaidi kutoka mfuko mkuu kule Seneti, huwekwa kwenye faili la kusubiri. Faili hilo hufunguliwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Agosti. Mwenyekiti husoma namba mfululizo na hatima ya kila moja, mamia kwa saa chache, bila ushahidi na bila kueleza sababu. Mhafidhina anaweza kuipenda machinjio hii kwa sababu inapunguza miswada, lakini haina uwazi, na muswada mzuri wa kufuta sheria mbovu hufia humo vilevile. Ukitaka kufikisha neno hapa, andika kuhusu pesa tu: gharama kwa jimbo, watumishi watakaoajiriwa, kesi zitakazoongezeka. Hoja za uhuru peleka kamati ya kisera.

Mitego miwili huwanasa wengi. Wa kwanza ni muswada uliokwama mwaka wa kwanza wa kipindi: haujafa, umelala. Unaweza kuamka Januari, na una mpaka mwisho wa mwezi huo kutoka kwenye baraza ulikoanzia. Wa pili ni kutoa utumbo na kujaza upya. Agosti muswada wa maegesho unafutwa maneno yote na kujazwa jambo la kodi au leseni, namba ikibaki ileile. Prop 54 ya 2016 imepunguza makali: toleo la mwisho lazima likae hadharani saa 72 kabla ya kura. Saa 72 zinakutosha tu ikiwa baruapepe ya taarifa uliiomba mapema.

Barua

Tuma kupitia lango la barua la Bunge, calegislation.lc.ca.gov/Advocates, na nakala kwa mjumbe na seneta wako, unaowapata kwa anwani ya nyumba kwenye findyourrep.legislature.ca.gov. Kila kamati ina siku yake ya mwisho ya kupokea barua. Hesabu wiki nzima kabla ya kikao ili jina lako liingie kwenye uchambuzi. Ikichelewa itapokelewa, lakini orodha itachapwa bila wewe.

Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Anayeisoma ni mtaalamu wa kamati mwenye miswada arobaini mezani, kwa hiyo anza na anachohitaji kuandika. Ikisomwa kwa Kiswahili, barua nzuri inakwenda hivi:

"Kwa Mwenyekiti wa Kamati. Kuhusu: AB namba fulani, toleo la tarehe 10 Aprili. Msimamo: Napinga mpaka urekebishwe. Nina mgahawa wa wafanyakazi saba katika mji fulani. Kifungu cha 2 kinanitaka nitunze kumbukumbu za kila siku kwa miaka minne. Kazi hiyo ni dakika 25 kwa siku, sawa na takriban saa 150 kwa mwaka, ambazo kwa dola 20 kwa saa ni dola 3,000. Jambo hilo tayari linakaguliwa na kaunti chini ya kifungu namba fulani. Naomba biashara zenye wafanyakazi chini ya 10 zitolewe, na kifungu kifutwe 1 Januari baada ya miaka mitano."

Zingatia "napinga mpaka urekebishwe". Mjumbe mwenye wingi hatauacha muswada wake kwa sababu yako, lakini atabadilisha sentensi moja ili mpinzani mmoja aondoke kwenye orodha. Ukisema "napinga" tupu, hana cha kukupa. Weka upinzani wa moja kwa moja kwa muswada ambao kiini chake ndicho tatizo. Na usimwage humo hasira za uchaguzi wa rais, mipaka ya nchi na bei ya petroli. Barua za kunakili zilizotumwa na watu mia tatu huhesabiwa tu, hazisomwi.

Asiye raia anaweza kuandika barua na kuzungumza kwenye kamati; kutoa maoni si kupiga kura. Asichoruhusiwa ni kutia saini maombi ya kura ya maoni, maana hiyo ni kwa wapiga kura waliosajiliwa. Wakusanya saini nje ya duka hawaulizi hadhi yako ya uhamiaji, na kosa litakuwa lako.

Siku ya kikao

Kwa kawaida kila upande hupewa mashahidi wakuu wawili, dakika mbili kila mmoja. Waliobaki hupita kwenye kipaza sauti na kusema jina, shirika na msimamo, basi. Kama unataka dakika mbili, piga simu ofisi ya kamati mapema na uulize nani anaratibu wapinzani. Dakika mbili ni maneno kama 250 ya Kiingereza. Yaandike, yapime kwa saa, kata salamu za shukrani. Beba kitu kimoja cha kuonyesha: fomu yenyewe, au risiti ya ada ya leseni. Mjumbe aliyeona fomu ya kurasa tisa huikumbuka kuliko takwimu.

Usisahau hesabu ya kura. Muswada unahitaji wingi wa wajumbe wote wa kamati, si wa waliohudhuria, kwa hiyo mjumbe asiyepiga kura ana athari ileile ya aliyesema hapana. Mjumbe wa chama tawala asiyetaka kumwudhi mwenzake atakataa kukupa "hapana", lakini anaweza kukaa kimya. Muombe hicho.

Ukishapita

Gavana ana siku 12, au hadi mwisho wa Septemba au katikati ya Oktoba kwa miswada ya mwisho wa kikao. Asiposaini wala kukataa, unakuwa sheria. Kura ya turufu ya gavana wa California haijabatilishwa kwa zaidi ya miaka 40, kwa hiyo barua kwa gavana ni ya thamani. Mwaka 2011 Jerry Brown, Mdemokrati, aliukataa SB 105 uliotaka wazazi watozwe hadi dola 25 mtoto akiteleza kwenye theluji bila kofia ngumu. Aliandika kwamba mamlaka yanaendelea kuhama kutoka kwa wazazi kwenda kwa dola, na kwamba si kila tatizo la binadamu linastahili sheria. Mnukuu ukimwandikia gavana wa chama chake. Inauma vizuri zaidi ikitoka nyumbani.

Baada ya saini kuna njia ya kura ya maoni: siku 90, na saini halali sawa na asilimia 5 ya kura za ugavana, yaani 546,651 kwa hesabu ya uchaguzi wa 2022. Haitumiki kwa sheria za dharura wala za kodi. Wenye biashara ya dhamana waliitumia dhidi ya SB 10 wa 2018 uliofuta dhamana ya fedha taslimu, na Novemba 2020 wapiga kura wakaukataa. Walikuwa na mamilioni ya dola. Kikundi cha majirani kisijidanganye.

Panapofaa zaidi nguvu ya watu wachache ni kwenye kanuni. Sheria nyingi huiachia idara ijaze mambo madogo, na idara hujaza kwa mkono mpana: wachambuzi wa kituo cha utafiti cha Mercatus Center, wakihesabu maneno ya amri na makatazo kwenye vitabu vya kanuni, walipata zaidi ya 395,000 California. Rasimu ya kanuni lazima itangazwe na kupokea maoni kwa siku 45, na ikibadilishwa mambo ya msingi yanayohusiana na rasimu ileile hupewa siku 15 nyingine. Idara inawajibika kujibu kwa maandishi kila pingamizi linalohusu rasimu, na ofisi inayokagua kanuni za jimbo inaweza kuirudisha ikiwa idara haikujibu, haikuonyesha ulazima, au imevuka mamlaka iliyopewa na sheria. Kwa hiyo usiandike aya moja ndefu. Andika hoja zenye namba: hoja 1, kifungu fulani hakina ulazima kwa sababu hii, hoja 2, sheria mama haikuipa idara mamlaka haya, hoja 3, njia hii nyingine ni nafuu na inafikia lengo lilelile. Kila namba inamdai afisa jibu lake, na mahakamani baadaye majibu hayo ndiyo kumbukumbu itakayosomwa.